UZI: Nimeng'oa mita ya hewa ya kibao kwenye BMW E30 325i nikaweka sensa ya MAP (ya presha ya hewa ndani ya manifoldi), hasara zote ziko humu

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jumapili. Niliahidi kwamba ndinga ikikaa sawa nitaleta mrejesho kamili, leo mvua inapiga Tabata na umeme upo, basi tuandike. Ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni.

Chuma ni E30 325i, injini M20B25, lita 2.5 silinda sita za mstari, Motronic 1.3, mfumo wa Bosch wa kuendesha mafuta na cheche. Ilitokea Uingereza kwa hiyo haina katalisti (kisafisha moshi) wala oksijeni sensa ya kwenye ekzosi, hili likumbukeni maana huko mbele ndo kiini cha mambo yote.

Ugonjwa ulianza hivi, asubuhi inawaka freshi, sailensi (mngurumo bila kukanyaga mafuta) imetulia, ukifika Buguruni imeshapata moto, kwenye foleni ukigusa mafuta kidogo tu inakata kama mtu kazima swichi nusu sekunde halafu inarudi kwa nguvu unataka kumgonga wa mbele. Ukikanyaga kwa fujo haina shida. Ukiwa 90 barabara nyeupe haina shida. Ni pale pale kwenye robo ya kwanza ya pedeli. Na wese ilikuwa inakunywa sio mchezo, plagi ukizitoa nyeusi tii kama sufuria ya maharage ya shule.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, filta ya mafuta, pampu. Hela imekwenda, ugonjwa uko pale pale. Fundi wa pili (simtaji, na wala sio mtu mbaya) akaniambia "hii mita ya hewa ni ya kizamani bosi, nakuwekea ya kisasa ya Toyota". Akatoa mita ya kibao akafunga MAF (sensa ya uzito wa hewa) ya waya wa moto, akaunga waya kwa waya kwenye soketi ile ile, akapiga starti. Iliwaka! Ikatoa moshi mweusi kama lori la mchanga, ikazima. Ikawaka, ikazima. Tukashinda hapo mpaka saa mbili usiku, nikalipa, nikaivuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Kosa liko wapi, na hapa ndo nataka watu waelewe kabla hawajaliwa kama mimi. Ndani ya mita ya zamani kuna kibao cha bati kimeshikwa na springi ya mzunguko kama ya saa. Hewa ikiingia inakisukuma, kibao kinageuza mkono mdogo, mkono unateleza juu ya njia ya kaboni, volti inabadilika, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inasoma. Pembeni kuna kisensa kidogo cha joto la hewa. Sasa kontroli boksi ya kiwandani imepikwa kwa kibao HICHO, inajua volti fulani maana yake hewa kiasi fulani. MAF ya waya wa moto nayo inatoa volti lakini mstari wake ni mwingine kabisa, ni sawa na kumpa mtu barua ya Kichina kwa sababu imeandikwa na yeye anajua kusoma. Kuunga waya kwa waya hakuwezi kufanya kazi hata ungeunga na dhahabu.

Nikarudisha ya zamani. Halafu kwa hasira nikafanya nilichotakiwa kufanya mwezi mzima nyuma, nikafungua kile kifuniko cheusi cha juu, kimegandishwa na silikoni unakata taratibu na wembe kuzunguka. Ndani ukweli wote ukawa wazi. Njia ya kaboni imechimbika, kuna kamfereji kanang'aa pale pale mkono unapokaa ukiwa kwenye foleni, na hakuna kwingine. Miaka thelathini ya kupita pale. Na kile kigurudumu cha meno kinachokaza springi kulikuwa na mtu kishakilegeza, alama ya rangi ya kiwandani imehama meno kama manne. Springi ikilegea kibao kinafunguka zaidi kwa hewa ile ile, boksi inadhani hewa ni nyingi, inamwaga mafuta. Ndo masizi yangu hayo.

Nitaendelea, ngoja nile.

#2 Mdau wa Mbezi

Naweka kambi. Chai na karanga tayari.

#3 Mzee wa orijino

Mkuu swali la kizushi, sasa ulishaona njia imechimbika si ungeusogeza tu mkono kidogo upite kwenye kaboni mpya? Nimefanya kwenye mbili tatu, zinatembea mpaka leo. Nyie vijana mnapenda kuchana chana magari.

#4 Mleta uzi

Mzee #3 shikamoo, na uko sahihi, na ndicho nilichofanya. Nililegeza skrubu za ile bati ya kaboni nikaisogeza kama milimita moja mkono upite pembeni ya mfereji, springi nikairudisha kwenye alama. Nikapima na mita ya mshale, sio ya namba, maana ya namba inachelewa, kibao unakisukuma na kidole polepole unaangalia mshale upande bila kurukaruka. Ukatulia. Gari ikapona kabisa na gharama yake ilikuwa silikoni na jasho.

Na naomba niseme kwa herufi kubwa, WENGI WENU MNATAKIWA KUISHIA HAPA. Kabla hata ya kufungua kifuniko angalia mpira mkubwa kati ya mita na kipepeo cha throtoli, ule wenye mikunjo, ukunje na mkono utafute ufa wa chini. Angalia mfuniko wa oili na oringi ya dipstiki. M20 ikiwa nzima ukifungua mfuniko wa oili ikiwa inanguruma inatakiwa iyumbe mpaka karibu kuzima, maana hewa inaingia bila kupita kwenye mita. Usipoona mabadiliko ujue tayari kuna kwingine inavuja.

Mimi nilikaa hivyo miezi minane na raha zangu. Kilichonifanya niendelee ni Iringa.

#5 Mdau wa Mbezi

Iringa imefanyaje tena?

#6 Mleta uzi

Nyumbani kwetu ni Iringa, kila nikipanda Kitonga gari inakuwa nzito na inanuka petroli. Nikawa nasema labda ni mlima. Kumbe ni hesabu. Kibao kinasukumwa na nguvu ya upepo, na nguvu hiyo inategemea mwendo wa hewa na uzito wake kwa pamoja. Hewa ikiwa nyepesi inabidi ipite kwa kasi zaidi kukisukuma kibao pembe ile ile, lakini hesabu haikai sawa kwa sawa, inakwenda kwa kipeo cha pili. Iringa mjini mko mita 1,500 na kitu, presha ya hewa kama 84 kPa wakati Dar ni 101. Weka kwenye hesabu utaona kibao kinadanganya karibu asilimia 10, boksi inadhani hewa imeingia zaidi ya iliyoingia. Sensa ya joto iko kwa ajili ya joto tu, haijui kitu kuhusu mwinuko.

Gari yenye oksijeni sensa inajinusuru, inanusa ekzosi inapunguza. Yangu haina. Inameza tu.

#7 Wa Nairobi

Hapo umenena boss. Sisi huku Nairobi tuko 1,795 na hiyo kitu nimeishi nayo kinyume. E30 yangu ilikuwa na jamaa wa hapa, makanika wake akaitune kwa ile skrubu ya CO kwenye mita mpaka ikawa safi sana, hainuki, hainywi. Nikaishukisha Mombasa december. Kufika Voi joto, Mariakani ikaanza kugonga nikikanyaga, sauti ya mawe ndani ya mkebe. Ilikuwa imepunguziwa mafuta ya kutosha Nairobi, sasa chini huko hewa nzito ikaja lean, yaani mafuta machache kwa hewa iliyopo. Nilirudi polepole kama nabeba mayai. Head gasket ilikufa january.

#8 Mleta uzi

#7 pole sana, na huo ushahidi ni bora kuliko hesabu zangu. Ile skrubu inapitisha hewa pembeni ya kibao kwa hiyo inagusa zaidi sailensi, lakini mtu akiigeuza kufuata harufu ya mjini kwake amekutengenezea gari ya mji mmoja.

Sasa twende kwenye mabadiliko. Njia ziko tatu ninazozijua mimi.

Ya kwanza unaweka MAF pamoja na kiboksi cha katikati kinachotafsiri volti za MAF ziwe volti za kibao, na chipu ya kontroli boksi inaandikwa upya. Ikifungwa na anayejua inatembea vizuri na MAF inapima uzito halisi wa hewa kwa hiyo Kitonga haina neno. Sikuipenda kwa sababu bado boksi ni ile ile, na waya wa moto na vumbi letu na zile filta za kupaka oili ni maadui. Halafu MAF za dukani, feki zimejaa.

Ya pili unatupa kupima hewa kabisa unatumia nafasi ya kipepeo na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) tu. Hiyo ni ya watu wa rali na throtoli sita, na Kitonga inakurudisha pale pale.

Ya tatu ndo yangu, kontroli boksi mpya inayotumia MAP. Hii HAIPIMI hewa. Inapima presha ndani ya manifoldi, joto la hewa na RPM, halafu inakwenda kwenye jedwali ulilolijaza wewe linalosema "kwenye presha hii na mzunguko huu, silinda inajaa asilimia ngapi". Inakokotoa. Kwa maneno mengine kibao kilikuwa shahidi aliyeona, MAP ni mpelelezi, na mpelelezi anahitaji faili. Faili ni hilo jedwali na hakuna anayekuja nalo kutoka dukani.

Nilichukua MegaSquirt, ile ya Bowling na Grippo, kwa sababu sensa ya MAP inakuja imesimikwa humo humo kwenye bodi, inasoma mpaka 250 kPa, mpira mmoja tu kutoka kwenye manifoldi umemaliza. Na M20 ya Motronic 1.3 ina bahati, kwenye puli ya mbele tayari kuna gurudumu la meno 60 pungufu mawili na sensa yake, kwa hiyo MegaSquirt inajua injini iko wapi bila kuchonga chochote. Vilivyobadilika ni sensa ya kipepeo, ya kiwandani ni swichi tu, inajua mguu umetoka au umezama basi, nikatafuta ya Bosch used inayosoma nafasi zote, nikachongesha kibati cha kuifungia. Kisensa cha joto la hewa, maana cha zamani kimeondoka na mita. Na oksijeni sensa ya waidibendi, inayosoma uwiano kamili wa hewa na mafuta, LSU 4.9, tundu likachomelewa kwenye bomba la ekzosi, iinamishe kidogo maji yasiikalie. Hii ya mwisho usijaribu kuikwepa. Bila waidibendi unapiga ramli.

#9 Fundi umeme

Kazi nzuri chifu. Ulitumia nini kuwasha koili ya cheche? Maana hapo ndo wengi wanaungua.

#10 Mleta uzi

#9 umegusa donda. Niliungua.

Nikaunga kila kitu, nikafungua laptopu, TunerStudio (programu ya kupangia boksi) inasoma, joto linasoma, MAP inasoma 101, nikasikia raha. Nikaacha swichi wazi naendelea kusoma soma mipangilio, kama dakika kumi hivi. Nikasikia harufu ya plastiki. Nikagusa koili nikaruka nayo, ilikuwa kama pasi. Ile sehemu ya mpangilio wa cheche inayosema geuza au usigeuze nilikuwa nimeweka kinyume, kwa hiyo badala ya kujaza koili kidogo kabla ya cheche ilikuwa inaijaza muda wote. Koili imekwenda na ilikuwa nzima miaka yote hiyo. Siku hizi kwenye majaribio nachomoa fyuzi ya koili mpaka nihakikishe.

Kosa la pili, sensa ya puli. Ina waya mbili na ukizipindua injini bado inawaka! Ndo ubaya wake. Inawaka, sailensi nzuri, ukipandisha kwenye 3,500 inapoteza hesabu inakata. Nilihangaika wiki, nikalaumu plagi, nikalaumu ethi, mwisho fundi mmoja mtoto mdogo tu akasema "braza jaribu kupindua hizo mbili". Nilitamani kumbeba mgongoni. Baada ya hapo funga taimingi ya cheche kwenye nyuzi 10 za kudumu kwenye programu, chukua taa ya taimingi, hakikisha alama kwenye puli inasema 10 kweli, ukiwa chini na ukiwa juu. Alama ikitembea wakati umeifunga, usiguse jedwali la mafuta, rudi kwenye sensa.

#11 Mzee wa orijino

Nasoma tu hapa natabasamu. Koili, wiki ya kukatakata, laptopu kwenye gari. Mkono ulisogeza milimita moja ukapona.

#12 Mleta uzi

Mzee nakuheshimu lakini unanichoma 😂 Haki yako.

Jedwali sasa. Usiku wa kwanza nilijaza makadirio, kwenye sailensi presha ya manifoldi ikakaa 38 hivi, nikaweka namba mpaka waidibendi ikasoma 13.8 (sehemu za hewa kwa moja ya mafuta), ikatulia. Nilikaa kwenye kiti gizani nasikiliza ile sailensi kama mtu anasikiliza mtoto analala. Kesho yake nikaanza barabara, jumapili saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Morogoro kabla malori hayajaamka, shemeji anaendesha mimi na laptopu mapajani. Gia ya tatu, shikilia 2,000, polepole kanyaga presha ipande 50, 60, 80, mpaka 100, angalia namba, rekebisha, tena 2,500. Kwenye mwendo wa kawaida nilitafuta 14.7, pedeli chini kabisa nikaiacha 12.6. Msifanye hivyo peke yenu, mtu mmoja macho barabarani mwingine kwenye skrini.

Mpira wa MAP nao ulinipa somo. Mwanzo nilidandia kwenye mpira wa vakyumu wa regyuleta ya mafuta, kwa kiungo cha T na mpira mwembamba mrefu mpaka ndani ya dashibodi. Namba zikawa zinacheza cheza, 36, 43, 39, na mafuta yanacheza nazo. Nikatoboa tundu lake lenyewe kwenye manifoldi, mpira mfupi mgumu, ikatulia. Usichukue kwenye mpira wa breki, kule kuna valvu ya kuzuia hewa kurudi, utasoma uongo.

Kitu kimoja kilichonifurahisha, hewa ikivuja nyuma ya kipepeo zamani injini ilikuwa inamisi maana mita haikuiona. Sasa ikivuja presha inapanda, sensa inaona, mafuta yanaongezwa, sailensi inapanda tu. Dipstiki naweza kuichomoa na haishtuki.

Ila joto! Kisensa cha joto nilikikaza kwenye manifoldi yenyewe, alumini juu ya injini, Dar, mwezi wa pili. Unasimama sheli dakika kumi, unarudi, kisensa kimepikwa kinasoma 68 wakati hewa inayoingia ni 34. Boksi inadhani hewa ni nyepesi inapunguza mafuta, gari inawaka kwa kigugumizi mpaka utembee mita mia tano. Nimekihamishia kwenye mpira wa kuingizia hewa, kule mbele karibu na filta. Kwisha habari.

#13 Wa Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnafuatilia kutoka Muscat, nnayo 4Runner ya Marekani, injini 22R-E, nayo ina kibao hichohicho. Inanisumbua, ukikanyaga inazama kwanza ndiyo inakwenda. Nimeshaagizia sensa ya MAP. Je nikitoa hiyo mita moja kwa moja kuna hatari gani?

#14 Fundi umeme

Wa alaykum salaam. #13 hatari ya kwanza gari haitakaa ikiwaka, maana Toyota za kizamani mita ya kibao ina kiswichi ndani, waya unaitwa Fc. Kibao kikifunguka kidogo tu kile kiswichi kinashika na ndicho kinachoiambia rilei iendelee kuendesha pampu ya mafuta. Ni usalama, gari ikizima kwenye ajali kibao kinafunga, pampu inasimama. Ukitoa mita umetoa na kiswichi, itapiga starti itawaka sekunde mbili itazima. Kontroli boksi mpya lazima ndo iishike rilei ya pampu, na USIJUMPE moja kwa moja kwenye swichi kama wanavyofanya wengi, siku ukigonga pampu inaendelea kumwaga petroli.

La pili hizo Toyota za volti 5 nyingi zinakwenda kinyume na Bosch, kibao kikifunga signali iko juu karibu volti 4, kikifunguka inashuka chini ya 1. Kwa hiyo usichukue vipimo vya jamaa wa BMW ukapimia yako ukasema imekufa.

#15 Mleta uzi

#14 asante, hiyo ya Fc hata mimi sikuijua. #13 ndugu yangu kabla hujachana kitu rudi #4, ule mpira wenye mikunjo. "Inazama kwanza ndo inakwenda" ni lugha ya ufa, injini ikitikisika ukikanyaga ufa unafunguka.

Sasa Kitonga wakuu. Nilipanda wikiendi moja mwezi uliopita. Laptopu wazi pembeni. Chini pale mto Ruaha kabla hujaanza kona MAP ukizima na kuwasha ilisoma 95 hivi, juu nikasimama pembeni nikazima nikawasha, 86. Sikugusa kitu, waidibendi inacheza pale pale 14 na kitu kama tuko Kibaha. Haikunuka. Gari haina nguvu za Dar, hiyo haiwezekani hewa yenyewe imepungua, lakini haisongwi. Highway zamani nilikuwa napata kilomita 7 na nusu kwa lita, safari hii 10 kasoro kidogo, na sikuwa naendesha kama sheikh.

Nikaona nimemaliza kazi. Nikasogea Njombe kwa shangazi kulala.

Asubuhi saa kumi na mbili, ukungu, kioo kina maji, napiga starti. Inazunguka. Inazunguka. Inazunguka betri inaanza kuimba. Haiwaki! Majirani wanatoka na mablanketi mabegani wanaangalia BM ya mtu wa Dar. Nikafungua laptopu vidole vimekufa ganzi, joto la maji linasoma 9. Jedwali langu la kuwashia ubaridi nililijaza Tabata ambako asubuhi maji ni 28. Chini ya 20 kote nilikuwa nimeacha namba za kubahatisha. Gari haijawahi kuona baridi toka niifunge, sasa itajuaje imwage kiasi gani. Nikaongeza mafuta ya starti kwenye 10 na kwenye sifuri kwa kukadiria, plagi zilishalowa nikakanyaga pedeli mpaka chini kuzikausha, mara ya nne ikashika ikanguruma kwa kukohoa. Shangazi kaniuliza "mwanangu, si ulisema umeitengeneza?"

#16 Wa Nairobi

😂😂 Aunty amemaliza maneno.

#17 Mdau wa Mbezi

Kwa hiyo mkuu jumla ya hela? Na ungerudia?

#18 Mleta uzi

#17 boksi, waidibendi, koili iliyoungua na sensa zote vilipita dola mia sita, bado hujaweka ushuru na chai za vijana. Ningerudia kwa sababu natoka Dar kwenda Iringa kila baada ya miezi miwili na napenda mambo haya. Kama gari yako inaishi Sinza na Posta, msikilize mzee #3. Mita ya kibao ikiwa na kaboni nzima na springi kwenye alama yake ni chombo kizuri tu, mimi yangu haikuwa mbovu, ilikuwa imechoka sehemu moja ya milimita chache.

Na msikubali mtu akuambie "nakuwekea ya kisasa" bila kumuuliza boksi itaisoma vipi. Akianza kukuna kichwa, washa gari ondoka.

#19 Mzee wa orijino

Sasa hapo umeongea kama mtu mzima. Ile mita uliyong'oa ipo? Nina mteja.

#20 Mleta uzi

Mzee ipo kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Njoo uichukue bure, ila uje na koili.

#21 Wa Muscat

Ndugu zangu nnarudi. Jana baada ya Isha nimefungua ule mpira kama alivyosema ndugu hapo juu. Umepasuka chini kabisa kwenye mkunjo wa pili, ufa wa vidole vitatu, ukiutazama kutoka juu huuoni khasa. Nimeufunga tepu kwa muda, gari imerudi kama mpya, haizami tena. Mpira mwenyewe nimeshaupata Wadi Kabir kwa riali chache. Sasa hii sensa ya MAP niliyoagizia imefika leo asubuhi.

#22 Mdau wa Mbezi

#21 usiirudishe, njoo PM tuongee bei.